Jinsi ya kunywa vermouth ukingoja nyama iive

Ukiitisha mbuzi kilo moja na nusu pale Kenyatta Market, ama kwa base yenu yoyote ya choma, kuna ile saa nzima ya kungoja na sote tunajua huwa inaishia wapi: bia mbili, tumbo imejaa gesi, halafu ubao ukifika na ugali na kachumbari unakula vipande vinne ushashiba na bili bado ni ile ile. Siko hapa kupinga bia, Tusker baridi ina mahali pake, lakini kwa hiyo saa ya kungoja kuna kitu inafanya kazi poa zaidi na wengi wetu huipita tu kwa supamaketi tukikimbilia wiski.

Vermouth ni divai. Shika hapo kwanza, juu karibu kila kitu watu hukosea nayo hapa Nairobi inatokana na kudhani ni makali. Wenye kuitengeneza huanza na divai, mara nyingi nyeupe, wanaiongezea pombe kali kidogo ndio isiharibike haraka, halafu wanaiweka mimea na viungo. Pakanga ni lazima (ndio hiyo chungu ya kwenye Ufunuo), zingine kila kampuni iko na siri yake: maganda ya machungwa, karafuu, mdalasini, iliki, giligilani, mizizi michungu ya milimani. Ukifungua Rosso (ile aina nyekundu) uinuse polepole utadhani mtu amepita hapo na mfuko wa pilau masala. Na ile rangi yake nyekundu isikudanganye, kwa kawaida hiyo ni sukari iliyounguzwa, divai ya chini ni nyeupe.

Kwa Umoja wa Ulaya sheria inasema angalau asilimia 75 ya kinywaji chenyewe iwe divai, na kilevi kiwe kati ya asilimia 14.5 na 22. Sasa piga hesabu. Glasi ya mililita 75 ya vermouth ya asilimia 15 iko na pombe tupu kama mililita 11. Tusker ya mililita 500 ya asilimia 4.2 iko na 21. Yaani glasi moja ni kama nusu Tusker hivi, na haikujazi tumbo, na ule uchungu unakutoa mate mdomoni ukianza kuwaza chakula, hiyo ndio kazi yake tangu zamani. Waitaliano wanamhesabia Antonio Benedetto Carpano wa Torino, 1786, kama mwenye kuanzisha hii ya kisasa, tamu. Wafaransa wakaja baadaye na yao kavu, Joseph Noilly 1813. Wahispania nao wameifanya mazoea ya Jumapili: kabla ya chakula cha mchana mnakaa mahali, glasi ya vermouth na barafu, kipande cha chungwa, zeituni, samaki wadogo wa chumvi, mnapiga stori, halafu ndio mnaenda kula. Ukiangalia vizuri hiyo si ni sisi tu tukingoja choma, tofauti ni iko nini kwa glasi.

Kuchagua chupa

Hapa Nairobi zile utapata bila kusumbuka sana ni Martini na Cinzano, kwa supamaketi kubwa na kwa wines and spirits za mtaa zenye stoki ya maana. Bei kawaida inakaa katikati ya divai ya kila siku na wiski, na chupa ya mililita 750 inatoa glasi kumi za kipimo nimesema, kwa hivyo ukigawanya si mbaya.

Kama hujawahi, anza na Rosso. Iko tamu, iko na uchungu nyuma, na inasamehe, hata ukiharibu vipimo bado itanyweka. Bianco ni nyeupe lakini tamu pia, ina harufu ya vanila na maua, wengine wanaipenda sana, mimi naona ikizidi glasi moja inachosha. Extra Dry ndio ile kavu, sukari kidogo kabisa, na hii ndio watu hununua wakidhani ni kama Bianco halafu wanaonja bila barafu wanakunja uso na kuiweka kabati miaka miwili. Usifanyie Extra Dry hivo, ni mzuri sana lakini inataka chumvi karibu, tutafika huko.

Sukari tuseme ukweli: vermouth ya kuitwa tamu inaanzia gramu 130 kwa lita, so kwa glasi yako ya mililita 75 kuna karibu gramu 10, zaidi ya vijiko viwili vya chai. Kavu ni chini ya gramu 50 kwa lita, Extra Dry chini ya 30. Kama unachunga sukari basi ushajua uende upande gani.

Sasa ukiingia dukani angalia chupa imekaa wapi. Kuna duka fulani mtaani kwetu wameiweka Rosso juu kabisa, karibu na dirisha, jua la saa nane linaipiga hadi lebo imeanza kufifia. Nikamwambia kijana wa hapo, boss, nisaidie na ile ya nyuma, hii imeshinda kwa jua. Akanicheki kidogo.

"Customer, hii haiharibiki, hii ni pombe."

"Ni divai, boss."

"Divai iko kule chini."

Alinitolea ya nyuma lakini kwa roho safi tu ya kunivumilia. Na simlaumu, kila mtu anaipanga hivo, kati ya brandi na jini. (Ndio najua pale Marseillan, Ufaransa, Noilly Prat wanaacha mapipa nje jua na mvua karibu mwaka mzima, lakini hiyo ni divai bado inatengenezwa na watu wanajua wanafanya nini, sio chupa yako imekwisha kutoka kiwandani.) Chukua ya kivulini, angalia kifuniko hakijachezewa, kwa hii mji yetu kucheki stika ya KRA si ushamba.

Friji, tena friji

Ukishafungua, vermouth inaingia kwa friji na inakaa huko. Sio kabati, sio ile meza ya TV ukionyesha wageni. Hewa ikishaingia inaanza kuchoka kama divai yoyote, polepole tu juu ya ile pombe na sukari wameongeza. Extra Dry ipee mwezi mmoja hivi, Rosso na Bianco zinaeza fika miezi miwili. Bandika kipande cha maskingi tepu kwa chupa uandike tarehe umefungua, juu hakuna mtu hukumbuka, na kama nyinyi ni wawili tu kwa nyumba na mnakunywa mara moja moja tafuta chupa ndogo ama hamishia nusu kwa chupa ndogo safi ujaze hadi shingoni, hewa ikikosa nafasi inakaa poa.

Utajuaje imeenda? Nyeupe inageuka kuwa njano ya kahawia, harufu inakuwa ya tofaa lililolala ama siki siki, na ukionja ni kama maji yenye sukari, ile harufu ya mimea haiko tena. Haitakuua. Ila usimpee mgeni.

Glasi yenyewe

Hapa ndio nataka tukae kidogo, juu vermouth ni kitu cha viungo vinne vitano na kila kimoja kinaonekana, hakuna mahali pa kuficha.

Barafu. Friza nyingi za hapa zimejaa matumbo, samaki ya wiki jana na dania, na barafu hubeba hizo harufu zote, halafu mtu anasema vermouth ina ladha ya ajabu. Chukua mkebe wa Blue Band ulioosha vizuri hadi mafuta yote yameisha, weka maji ya kunywa (ya mfereji hata ukichemsha wakati mwingine harufu ya dawa inabaki), funga kifuniko, gandisha usiku mzima. Kesho yake utoe barafu kwa mkebe, uifunge na taulo safi ya jikoni, uipige na mwiko hadi upate mapande makubwa makubwa. Mapande makubwa yanayeyuka polepole, kinywaji kinabaki baridi bila kuwa maji maji. Na jaza glasi, hadi juu. Watu huogopa barafu wakidhani wanapunjwa, lakini vipande viwili vinayeyuka mbio ndio vinaleta maji, glasi ikijaa barafu inajipoesha yenyewe.

Mimina mililita 75, hiyo ni vijiko vitano vya mezani kama huna kipimo. Zungusha na kijiko kirefu mara kumi hivi, hadi glasi itoe jasho nje.

Chungwa sasa. Machungwa yetu mengi ni ya kijani hata yakiwa yameiva, na hiyo haijalishi, mafuta yako kwa ganda vile vile. Osha kwanza, usugue, yamekaa kando ya barabara na vumbi la matatu. Kwa kisu kikali kata utepe wa ganda upana wa kidole gumba, usichimbe, ile nyeupe ya ndani ni chungu ya kuudhi. Shika huo utepe juu ya glasi upande wa kijani ukiangalia kinywaji, ubonyeze ukunjike katikati. Ukiwa karibu na dirisha utaona ukungu mdogo wa mafuta ukiruka na kutua kwa barafu, na harufu inakufikia kabla hujainama. Pitisha ganda kwa mdomo wa glasi halafu utupe ndani. Hiyo hatua moja ndio inatofautisha glasi ya kawaida na ile mtu atakuuliza umeweka nini.

Kwa Extra Dry tumia ganda la limau, na kama una zeituni za chupa weka mbili, pamoja na tone tone la yale maji yake ya chumvi. Ama tawi la rozimari, si unajua estate nusu za hii Nairobi zimepandwa rozimari kama ua, vunja kidogo tu upige kwa kiganja, uweke. (Ua la jirani uliza kwanza.)

Ukitaka ndefu na ya kuburudisha zaidi

Jua la Januari na Februari likiwaka, glasi fupi inaisha mbio, basi refusha. Rosso na maji ya gesi, kiasi sawa kwa sawa, hiyo kwangu ndio nambari moja. Kwa baa useme wazi ni maji ya gesi, Keringet ya gesi iko kwingi, juu ukisema soda utaletewa Fanta na hutakuwa na wa kumlaumu.

Toniki pia inaenda, vermouth moja toniki mbili, lakini kumbuka toniki iko na sukari yake, kwa hivyo na Rosso inakuwa tamu juu ya tamu. Weka na Extra Dry. Krest ya limau vile vile: na Extra Dry hiyo combi ni poa sana, na Bianco inakuwa syrup. Stoney? Watu watauliza tu. Inawezekana, na Rosso, lakini Stoney ina kelele, inafunika kila kitu, so weka kidogo tu juu ya glasi na ukamulie nusu ndimu, ama uache Stoney inywewe peke yake venye Mungu alipanga.

Kama kuna Campari (ile pombe nyekundu chungu) kwa nyumba, kiasi sawa na Rosso, barafu, ujazie maji ya gesi, chungwa. Hiyo inaitwa Americano, ni nyepesi na chungu vizuri. Badala ya maji ya gesi ukiweka jini kipimo hicho hicho hiyo sasa ni Negroni, na Negroni sio ya kungoja nyama, hiyo ni makali, ukipiga mbili nyama itakukuta umelala. Wenye wanapenda jini wajaribu kugeuza: vipimo viwili vya Extra Dry na kimoja tu cha jini, zungusha na barafu, ganda la limau. Ukipata Procera, ambayo inatengenezwa hapa hapa Nairobi na matunda ya mtarakwa wa milima yetu, inalingana vizuri sana na ukavu wa Extra Dry, ila mfuko utalia.

Julai je, ile baridi ya mawingu asubuhi hadi jioni? Punguza barafu, acha maji ya gesi, kunywa Rosso imetoka kwa friji na kipande kimoja tu cha barafu. Usiipashe moto.

Cha kutafuna

Vermouth bila kitu cha chumvi ni nusu. Zeituni ni sawa lakini ghali, na hazihitajiki kila siku. Jaribu omena. Wakaushe vizuri, watoe vichwa, wakaange kwa mafuta moto hadi wakauke kabisa wavunjike, chumvi, pilipili kidogo, ukamulie ndimu wakiwa bado moto, na pembeni Extra Dry baridi kabisa. Wale Wahispania na samaki zao ndogo za chumvi hawana kitu hatuna. Hii ndio itakufanya uelewe Extra Dry ni ya nini, ule ukavu unasafisha mafuta mdomoni na unarudi kwa omena tena na tena.

Rosso inataka vitu vya viungo: bajia moto za viazi na chatini ya ukwaju, samosa za nyama, korosho za pwani zilizochomwa. Na mutura. Mutura ya jioni, imekatwa hapo kwa ubao kando ya barabara, moto, na chumvi na kachumbari ya pilipili, ukaifunge kwa karatasi ukimbie nayo nyumbani kabla haijapoa. Uchungu wa Rosso na ule moshi vinakubaliana ajabu. Krisps za viazi ni sawa siku umechoka. Usiweke kitu cha sukari, keki na mandazi hapana, na usishibishe watu, hii ni ya kufungua tumbo na chakula chenyewe kinakuja.

Saa ngapi? Hapa jua linazama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, kwa hivyo kuanzia saa kumi na moja hivi, glasi moja, ikienda sana mbili. Ama Jumapili mkitoka kanisa na jiko linawashwa nyuma ya nyumba, mwenye kuchoma apewe ya kwanza, hiyo ni heshima na pia ni akili. Ukitaka kuinywa kwa baa kumbuka sheria ya 2010: baa za kawaida zinafunguliwa saa kumi na moja jioni siku za wiki na saa nane mchana wikendi. Chini ya miaka 18 haikuhusu, mjamzito haikuhusu, na ukiwa na funguo za gari basi ita teksi, Alcoblow haijui tofauti ya divai na chang'aa.

Na huko kwa baa, usiseme tu "Martini" juu ukikutana na mwenye amesomea kokteili atakuletea ile kokteili ya jini mingi, vermouth kidogo na zeituni kwa glasi ya mguu mrefu. Sema Martini Rosso, barafu mingi, kipande cha chungwa. Kabla ya hapo muulize weita kwa upole, "samahani, hiyo chupa yenu huwa kwa friji?" Akikuonyesha pale juu kwa taa, imejaa vumbi na imebaki robo, itisha tu bia yako, hakuna haja ya vita.

Ikibaki robo chupa na tarehe yako ya maskingi tepu imepita, usimwage. Extra Dry inaingia kwa sufuria ya tilapia: kaanga kitunguu na tangawizi, weka samaki, mimina nusu glasi, acha ichemke bila kufunika dakika mbili ndio pombe ipungue, halafu nyanya na dania. Rosso nayo ni ya maini. Moto ukiwa juu, maini yakishabadilika rangi tu, mimina vijiko vitatu vinne vya mezani na kitunguu kingi, ikauke iwe nzito, na usiongeze sukari, ishajiletea yake.